Nyusi za Varanisese

Siku ya kwanza nilipokutana na Varanisese nilidhani ni bubu. Nilifika bwenini nimelowa chapachapa, maana mvua ya Suva haina adabu, nikamkuta amekaa kwenye kitanda cha dirishani, kilekile nilichokuwa nakitamani. Nikamuuliza, "Wewe ndiye mwenzangu wa chumba?" Akainua nyusi. "Unatoka Gau?" Akainua nyusi. "Na kitanda hicho ndio umeshakichukua?" Akainua nyusi tena, safari hii na katabasamu. Kwetu Fiji nyusi zikipanda maana yake ni ndiyo, hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Lakini hata kwetu mtu akishainua mara mbili tatu hufungua kinywa akaongeza neno. Huyu hapana. Nikajisemea, Asinate, mwaka huu umepatikana.

Mimi ni mtu wa mkoa wa Macuata na subira sikujaliwa. Naongea nikila, naongea nikioga, na nikinyamaza kidogo mama yangu hunishika shingo aone kama nina homa. Kuwekwa chumba kimoja na msichana anayejibu kwa paji la uso niliona ni adhabu. Wiki nzima niliongea peke yangu kama redio iliyosahaulika jikoni.

Vara, ndivyo tulivyomwita baadaye, ni mtoto wa kijiji kidogo katika kisiwa cha Gau, mikoko mbele na mlima nyuma. Mama yake huingia kwenye matope ya mikoko kukamata kaa, na Vara alianza kumfuata hajajua hata kufunga sulu yake vizuri kiunoni. Akitazama tope tu anajua kaa yumo shimoni au ametoka kutembea. Baba yake ni mpiga ngoma wa kanisa, na ukitoa hiyo ngoma, mzee hana kelele nyingine duniani. Aliniambia kwao huweza kula chakula cha jioni mwanzo mpaka mwisho bila neno, nyusi zinapanda na kushuka, sahani zinazunguka, na kila mtu analala ameshiba na ameridhika.

Alikuwa wa kwanza kijijini kwao kuja chuo kikuu, akachagua sayansi ya bahari. Siku ya safari walimsindikiza hadi melini wakiimba, bibi yake akampa mkeka aliousuka kwa mikono yake, na mchungaji akatangaza kwamba kila Jumapili jina la Varanisese litatajwa kwenye maombi. Na hawakusahau hata Jumapili moja. Ni baraka, sikatai. Lakini hebu fikiria mwenyewe: umekaa unapambana na somo la takwimu, huoni kichwa wala miguu, na huku unajua kuna wazee wamepiga magoti kwa ajili ya jaribio lako. Mimi ningetorokea msituni.

Bwenini kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuituliza presha. Wavulana walikunywa kava mpaka ndimi zikafa ganzi. Wasamoa wa ghorofa ya juu waliimba. Mimi nilikula: mitihani ikikaribia nilimaliza tambi na samaki wa kopo wa chumba kizima, kisha nikatafuta mtu wa kugombana naye, kisha nikalala fofofo. Vara alifua. Akipewa kazi ngumu alifua nguo zake. Jaribio likikaribia alifua na zangu, hata zilizokuwa safi kabatini. Nikirudi darasani nikakuta kamba imejaa mpaka taulo za majirani, nilijua mambo yamekuwa mambo. Na kwa mvua ile nguo hazikauki, basi wiki za mitihani chumba chetu kizima tulikwenda darasani tukinuka ukungu.

Halafu akaja Kitione.

Kitione ni mtu wa kisiwa cha Kadavu, jitu la miraba minne, mwana wa mchungaji, naye alisoma sayansi ya bahari darasa moja na Vara. Jioni moja tumepika majani ya majimbi kwa tui zito, mimi mate yananitoka, mara jitu hili linaingia jikoni kwetu bila hodi. Likauliza, "Nani hapa ametoka Gau?" Vara akainua nyusi. "Kijiji gani?" Akakitaja, kwa sauti ya chini. Basi Kitione akafunua sufuria, akachukua mwiko wangu, akala. Akala kwa kituo, anapuliza, anatafuna, mpaka akaanza kukwangua chini. Kisha akajifuta mdomo akasema, "Chumvi kidogo. Lakini kwa watu wanaooga matope, mmejitahidi."

Nilishika kifuniko nimponde nacho. Haki ya Mungu nilikuwa nimeshakinyanyua. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, sauti nzima, kubwa, sijawahi kuisikia mle chumbani: "Kula mwanangu, kula! Nyie wa Kadavu lini mmeona sufuria? Si mnapikia kwenye kofia za babu zenu!"

Nikageuka. Vara anacheka mpaka amejishika mbavu.

Kumbe ni watani. Sisi tunaita tauvu: kijiji chake na kijiji cha Kitione mzimu wao wa kale ni mmoja, na watu wa namna hiyo wana ruhusa ya kutukanana watakavyo, na kuchukuliana kitu chochote bila kuomba. Sheria ni moja tu, hakuna kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na wajukuu wako watachekwa. Kwetu Macuata nina watani wangu pia, kwa hiyo jambo lenyewe nalijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ndani ya msichana yule mkimya kulikuwa na mtu mwingine, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa jitu lile la Kadavu.

Tangu siku ile sikupumzika. "Oyaa, mjinga wa Gau, leo umevaa viatu? Nani alikufunga?" "Mimi nimevaa. Wewe ukiiona lami si unaivulia viatu!" Kitione alikula chakula chetu, baadaye akabeba na sufuria yenyewe, na Vara akenda akamchukulia kandambili zake, akazivaa mwezi mzima zinamburuza kama mashua mbili. Kitione akatembea pekupeku, anacheka. Nami, niliyekuwa namwombea mwenzangu apate ulimi, nikaanza kuomba apunguziwe.

Sasa nisimulie lile lililomtia mwenzangu kitanzini.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi wa idara yao hufanya utafiti wake, kisha husimama ukumbini kuutetea mbele ya walimu na wanafunzi. Ukishindwa kuutetea, hakuna shahada. Vara alichagua kaa wa mikoko ya kwao. Alitaka kujua kama kaa wanazidi kuwa wadogo, kama mama yake anavyosema. Alirudi Gau likizo nzima, akawapima kwenye matope, jua na mvua, akaleta kazi safi kabisa. Hata mimi nisiyejua kaa zaidi ya kumla niliisoma nikaielewa.

Siku ya kuitetea, mwalimu mkuu wa jopo alikuwa Dokta Henning, Mjerumani mpole, mgeni, hata sanduku lake lilikuwa bado na karatasi ya uwanja wa ndege. Vara akasoma alichoandika. Yakaja maswali. Dokta Henning akamuuliza, "Kaa hawa uliwapima mwenyewe?" Vara akainua nyusi. Dokta akangoja. "Una hakika na vipimo hivi?" Nyusi zikapanda. Dokta akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Unaona kaa wamepungua ukubwa?" Nyusi zikapanda, juu kabisa, mpaka nikaona weupe wa macho. Alikuwa anamjibu! Maskini ya Mungu alikuwa anamjibu kwa heshima zote, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, ndiyo kabisa mwalimu. Na yule akaandika kwamba mwanafunzi ameshindwa kujibu swali hata moja.

Tulipolalamika, idara ikasema ukumbini jibu ni la mdomo. Walimpa nafasi moja tu ya kurudia, mwisho wa muhula. Akishindwa tena, basi.

Vara alirudi chumbani akafua. Alifua shuka, akafua mapazia, akafua mkoba wangu wa ngozi ukaharibika. Chakula hali, na akilala anashtuka. Nikimuuliza kitu anasema, "Asinate, wanaomba kila Jumapili. Nitawaambia nini?" Alisema ataondoka kabla ya siku yenyewe, apande meli arudi zake Gau, akakamate kaa na mama yake. Kaa hawaulizi maswali.

Watu wote wakaanza kumwonea huruma. Wakimwona wanapunguza sauti, wanamshika bega, wanasema pole. Mimi mwenyewe nilijaribu huruma lakini sikuiweza, nikawa namfokea tu ale. Aliyemsaidia ni Kitione. Asubuhi ya pili akasimama mlangoni kwetu akapaza sauti bweni zima lisikie: "Yuko wapi Nyusi? Nyusi wee! Toka tuone kama umeamka na mdomo au na zile mbili tu za juu!"

Nilidhani Vara atalia. Akacheka! Akamrushia ndoo ya maji ya sabuni.

Tangu hapo jina likawa Nyusi, na kila jioni wakawa wanajifunza. Kitione anajifunga taulo langu begani, eti ndilo joho la Dokta Henning, anakaza uso, anauliza: "Binti, kaa hawa uliwapima mwenyewe, au walikupima wewe?" Vara anapaswa kujibu kwa mdomo. Nyusi zikipanda tu Kitione anakula kipande cha muhogo kutoka sahani ya Vara. Jioni za kwanza alishiba mpaka akafungua kifungo. Taratibu muhogo ukaanza kubaki. Vara alijibu, alibisha, alieleza, anachanganya matusi na takwimu humohumo, nami kitandani kwangu nikawa nakatwa mbavu. Kamba ya nguo ikawa tupu. Nakumbuka zile jioni kama siku njema kuliko zote nilizokaa chuoni.

Basi mhuni wetu akasikika na mtu asiyepaswa.

Chuo kilikuwa kimeleta mshauri mpya wa wanafunzi, Bi Philippa, mwanamke wa makamo kutoka Nyuzilandi. Mtu mwema, nisiseme uongo. Mlangoni kwake alibandika karatasi ya maua: Usibebe peke yako, njoo useme. Alitufundisha kuvuta pumzi ndefu tukiwa na hofu, na Vara alikuwa hodari wa hilo, akishavuta ya tatu analala. Siku hiyo Bi Philippa anapita bwenini kwetu anamkuta Kitione, jitu zima, amemwinamia msichana mwembamba, anamnyang'anya sahani mkononi, ananguruma: "Leta hapa, mjinga wee! Hata kaa wana akili kukushinda!"

Kesho yake akamwita Vara ofisini. Aliporudi nikamdaka mlangoni. "Alikuwa anataka nini?"

"Aliniuliza habari za Kitione. Kama niko salama naye, kama ni rafiki yangu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo," akasema, akachukua kitabu chake.

Hatukulifikiria tena. Lakini kabla jua halijazama habari zimeenea: Kitione ameitwa, ameambiwa asimsemeshe Varanisese vile tena, asiguse chakula chake, na akirudia atatolewa bwenini. Mwana wa mchungaji yule, amelelewa kutii. Alitii mpaka ukataka kumpiga.

Jamani, nisiwachoshe na juma lile. Kitione akimwona Vara anainama, anajifanya mdogo jitu lile, anapita pembeni akinong'ona samahani kama anapita mbele ya chifu. "Habari za asubuhi, dada Varanisese." Dada Varanisese! Vara anajaribu, "Habari yako, mwizi wa Kadavu," na mwenzake anatazama chini, anasema, "Nzuri, dada, ahsante." Mazoezi yakaisha. Kamba ikajaa. Kisha siku moja nikarudi nikakuta kamba tupu na Vara amekaa kitandani, hafui, mkeka wa bibi yake ameukunja na kuufunga kamba. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Meli ya Gau ilikuwa inaondoka keshokutwa usiku, na siku ya kutetea ni asubuhi inayofuata.

Mlango ukagongwa. Kwanza hiyo yenyewe ilinishtua, Kitione alipiga hodi. Amesimama, nywele amezichana, amebeba sufuria yetu, ile aliyoichukua mwanzo wa muhula. Imeoshwa inang'aa, na ndani yake muhogo na samaki wa kuchoma, amefunika kwa kitambaa safi. "Nimesikia huli, dada," akasema. "Tafadhali pokea hiki kidogo." Akaweka chini, akapiga makofi taratibu ya heshima, akaenda zake.

Vara aliitazama sufuria. Akaanza kulia, kwanza pole pole, halafu kilio cha msibani.

"Nini tena? Si amekuletea chakula?"

"Ameirudisha," akasema. "Asinate, ameirudisha na kuiosha. Babu yangu alipofariki watani wa Kadavu walikuja, wakachukua mkeka alioandaliwa marehemu, wakamvua mjomba viatu, wakamwiga babu anavyokoroma, mbele ya jeneza! Tulilia na kucheka pamoja. Hata kifo hawakukiheshimu. Sasa mimi nina nini kibaya kuliko kifo, hata nisitaniwe?"

Nikamsogezea kile kitambaa kilichofunika sufuria.

Akajifuta pua kwa kitambaa cha Kitione. Akaitazama tena ile sufuria, na mara nikaona kitu ambacho miaka yote sijakiona usoni kwake. Alikasirika. Akasimama akavaa zile kandambili kubwa za Kitione. "Twende."

"Wapi?"

"Kushtaki."

Akatoka mvuani, mimi nyuma namkimbilia. Bi Philippa alituona mlangoni, tumelowa, akainuka kwenye kiti. "Varanisese! Karibu, mpenzi, kaa."

"Sikai," Vara akasema. "Nimekuja kumshtaki Kitione."

Bi Philippa akachukua kalamu, uso umebadilika. "Amekusumbua tena?"

"Hanisumbui kabisa, ndiyo mashtaka yenyewe! Hanitukani. Hali chakula changu. Ananiita dada. Leo ameniletea sufuria yangu imeoshwa. Mimi ni mtani wake, Bi Philippa, tangu kabla sisi wawili hatujazaliwa. Nilikuwa najifunza kusema, na yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha. Nataka anitukane. Nataka anitukane leo."

Kalamu ilibaki hewani. Nikaona niingilie, nikamweleza habari za tauvu haraka haraka, mzimu mmoja, vijiji viwili, sheria ya kutokasirika. Alisikiliza, kisha akasema taratibu, "Lakini nilikuuliza, Varanisese. Palepale. Nikakuuliza uko salama naye, hukujibu. Nikakuuliza ni rafiki yako, hukujibu. Ulinitumbulia macho tu. Niliona msichana anayeogopa hata kufungua mdomo. Nilirudi nyumbani sikula."

"Nilijibu," Vara akasema.

"Ulinyamaza, mpenzi."

"Nilijibu mara zote mbili. Hivi." Nyusi zikapanda.

"Hiyo ndiyo ndiyo yetu," nikasema mimi. "Hiyo ina muhuri na saini. Hakuna ndiyo kubwa kupita hiyo."

Nilikuwa nangoja acheke. Hakucheka. Alimtazama Vara, kisha akakitazama kile kiti cha wageni kilicho wazi, na rangi ikamtoka. "Wanakaa hapo," akasema. "Nawauliza, je, unahitaji msaada? Wananifanyia hivyo. Mmoja baada ya mwingine. Nami nawaambia, haya, kama hutaki kusema leo, utarudi ukiwa tayari. Nawafungulia mlango." Akafunika mdomo kwa mkono. "Wote walikuwa wanasema ndiyo."

Mvua ikapiga bati. Ndipo Vara akakaa kwenye kile kiti, akamshika mkono mwanamke yule. "Bado wapo, Bi Philippa," akasema. "Waite tena." Na aliwaita, wote, siku zilizofuata tuliwaona wakipanga foleni pale. Lakini alianza kwa kusema, "Kitione nitamtafuta mimi mwenyewe nimwambie."

Tuliporudi Vara alifungua kamba ya mkeka, akautandika. Meli iliondoka bila yeye. Ila Kitione hatukumwona, wenzake walisema ameshuka pwani kulisaidia darasa la mwaka wa pili, na kama Bi Philippa alimpata au hakumpata hatukujua. Nilimtumia ujumbe mimi mwenyewe. Simu yake kumbe ilikuwa imeingia maji.

Asubuhi ya kutetea ukumbi ulijaa. Vara alivaa gauni la kanisani na shanga za mama yake. Bi Philippa alikaa pembeni, amekunja mikono mapajani. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, Kitione, shati limepigwa pasi, uso mzito wa mwana wa mchungaji. Vara alimtafuta kwa macho akamwona. Jitu likainamisha kichwa kwa adabu. Nikasema basi, hajaambiwa, mwenzangu amekwisha.

Vara akasoma kazi yake. Alisoma vizuri kuliko mara ya kwanza. Akamaliza. Dokta Henning akageuza karatasi zake, akavua miwani, akaifuta, akavaa. Akasema kwa upole, "Nianze na swali lilelile. Kaa hawa uliwapima mwenyewe?"

Na nyusi zikapanda.

Niliziona zikipanda nikafumba macho. Zilijipandia zenyewe, hofu tu. Dokta akangoja. Mtu akakohoa. Nilipofumbua, Vara amesimama pale, shanga zinapanda na kushuka shingoni, midomo imebanana kama imeshonwa, na Dokta Henning anainua kalamu aandike.

"Mwalimu!"

Kila mtu akageuka. Kitione amesimama.

"Mwalimu, usiandike, amejibu! Hiyo ni ndiyo ya Gau! Mdomo wake unakuja na meli ya Ijumaa!"

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Ukumbi mzima ulilipuka, watu wakapiga meza, na Bi Philippa ndiye aliyecheka kuliko wote, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, nikajua alimpata Kitione mapema, na adabu yote ile ya mlangoni jitu lilikuwa linatuchezea tu. Nikamtazama Vara. Mabega yanamtikisika. Akarudisha kichwa nyuma akacheka kicheko kile cha jikoni, akamnyooshea Kitione kidole, akangoja kelele zitulie kidogo, kisha akamgeukia Dokta Henning aliyekuwa bado ameshika kalamu haelewi kitu.

"Ndiyo, mwalimu," akasema, na nyuma kabisa walimsikia. "Niliwapima mwenyewe, mmoja mmoja, matope mpaka hapa. Na wote wana akili kumshinda yule aliyesimama kule."

Dokta Henning akaweka kalamu chini, akauliza swali la pili.